Riwaya ya kutisha uliyoipenda utotoni, na sasa inakuogofya wewe mzazi

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nikiwa na miaka kumi nilisoma riwaya ya Coraline ya Neil Gaiman, nikaipenda sana, na sikumbuki kama ilininyima usingizi hata siku moja. Sasa binti yangu wa miaka tisa ameiona kwenye rafu na anaitaka, nikaona niirudie kwanza. Safari hii nimeogopa kwelikweli, hadi nikaifunga katikati. Je, ni mimi niliyebadilika, au kuna kitu sikukiona utotoni? Na je, nimpe mtoto au nimwambie asubiri? Yeye anaogopa giza, na mdogo wake wa miaka mitano hukaa ubavuni mwake kila anaposoma."

Marahaba, mama. Nikupe jibu mapema ili usisome roho ikiwa juu: mpe, ila kimalize wewe kwanza, na ukae karibu anaposoma. Mdogo wake asubiri. Sasa nieleze kwa nini, maana swali lako la kwanza lina uzito kuliko la pili, na ukilielewa, la pili litajijibu kwa sehemu kubwa.

Si wewe peke yako uliyepatwa na hili. Gaiman mwenyewe ameeleza kwamba kitabu kilipoanza kusomwa aligundua watoto wanakipokea kama safari ya kusisimua, huku watu wazima kikiwaletea jinamizi. Kilitoka mwaka 2002 kikiwa na michoro ya Dave McKean, na kikashinda tuzo za Hugo na Nebula upande wa riwaya fupi. Hizo ni tuzo zinazopigiwa kura na watu wazima, wasomaji na waandishi wa hadithi za kubuni za sayansi na fantasia. Kwa hiyo waliokuwa wakishtuka na kukisifu kwa sauti kubwa walikuwa wenzako.

Sababu ni mahali unaposimama unaposoma. Mtoto anasimama ndani ya viatu vya Coraline. Ana mlango mbele yake, ana ufunguo, anataka kujua. Wewe sasa umesimama mahali pengine kabisa, na nadhani hukulitambua hilo hadi lilipokushika. Rudi kwenye kurasa za mwanzo. Mvua inanyesha, shule hazijafunguliwa, Coraline Jones na wazazi wake wamehamia karibuni katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa wapangaji kadhaa. Wazazi wote wawili wanafanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta. Msichana anaingia chumba anachofanyia kazi baba yake. Baba anamsalimu bila kugeuza shingo. Kisha anampa kazi ya kumwondoa pale: kahesabu milango na madirisha, kaandike kila kitu cha rangi ya buluu. Naye anakwenda kweli, anahesabu madirisha 21 na milango 14.

Ulipokuwa na miaka kumi nina hakika uliipita hesabu hiyo mbiombio ili ufike kwenye mlango wa kumi na nne, ule uliofungwa na ambao nyuma yake kuna ukuta wa matofali matupu. Leo umekwama kwa baba. Unajua jinsi mtu anavyoweza kumpenda mtoto wake kufa na kupona na bado akamjibu huku amempa kisogo. Kitabu hakikulaumu kwa hilo, na ni jambo ninalolipenda: wazazi wa Coraline si wabaya, ni watu wenye kazi. Lakini kinaonyesha kwamba pengo dogo kama hilo, la mchana mmoja wa mvua, linatosha mtu mwingine kupita.

Na anayepita ni mama. Hapo ndipo ubingwa wa kitabu ulipo. Siku nyingine Coraline anapoufungua mlango ule, ukuta wa matofali haupo; nyuma yake kuna nyumba ileile, vyumba vilevile, na mwanamke anayefanana na mama yake, ila ni mrefu na mwembamba zaidi, vidole havitulii, kucha ndefu nyekundu, na mahali pa macho pana vifungo vyeusi vya nguo. Huyu mama mwingine anapika vizuri kuliko mama halisi. Ana nafasi. Anasikiliza. Hamfukuzi mtoto, hamchapi, hamfungii mara moja. Anachotaka ni Coraline abaki naye daima, na sharti ni moja. Coraline anaonyeshwa kwenye meza ya jikoni: sahani ya kaure, na juu yake kibunda cha uzi mweusi, sindano ndefu ya fedha, na vifungo viwili vikubwa vyeusi. Angalia pale vilipowekwa. Viko kwenye sahani, juu ya meza ileile aliyoandaliwa chakula kitamu muda si mrefu uliopita, vimepangwa kwa usafi na upole. Mwandishi hakuhitaji tone la damu.

Mtoto anayesoma hapo anaona hatari ya macho. Mzazi anaona kingine: upendo unaotaka kumiliki. Coraline anapomuuliza paka mweusi, ambaye upande ule huzungumza, mama huyo anamtaka kwa nini, paka anakisia kwamba anataka kitu cha kupenda, kitu kisichokuwa yeye mwenyewe, na huenda pia anataka kitu cha kula. Nyuma ya kioo kuna roho za watoto watatu waliotangulia. Mama huyo aliwaiba mioyo na roho, na walipokwisha kunyonywa wakatupwa gizani hata majina yao hawayakumbuki. Mtu mzima aliyewahi kupendwa vibaya, au aliyewahi kujiuliza kama yeye mwenyewe anampenda mtoto kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya nafsi yake, hawezi kuisoma sehemu hiyo kijuujuu. Kwa hiyo ndiyo, kulikuwa na kitu hukukiona. Hukuwa na sababu ya kukiona.

Nikuongezee jambo la historia, kwa sababu linagusa uamuzi wako. Hofu ya macho kuondolewa ina ukoo mrefu. Mwaka 1816 Mjerumani E. T. A. Hoffmann aliandika hadithi ya mtu wa mchanga anayeiba macho ya watoto wasiotaka kulala. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliichambua hadithi hiyo mwaka 1919 katika insha yake kuhusu ile hofu ya pekee inayokuja pale kitu cha nyumbani, unachokifahamu, kinapoanza kukugeuka. Na katika Uingereza ya mwaka 1882 Lucy Clifford alichapisha hadithi fupi ya wasichana wawili wanaofanya utundu makusudi hadi mama yao anaondoka, na badala yake anakuja mama mpya mwenye macho ya kioo na mkia wa mti. Wanakimbilia msituni, wala nyumbani hawarudi tena. Huyo ni bibi mzaa mama wa yule mwenye vifungo.

Lakini tazama tofauti. Katika hadithi ya Clifford hofu ni fimbo: mtoto kaasi, mtoto kaadhibiwa, na anayesikiliza anatakiwa anywee. Hadithi nyingi za kutisha tulizosimuliwa watoto zilikuwa za namna hiyo, na nyingine zilifanya kazi yake vizuri mno. Coraline anafungua mlango asiotakiwa kuufungua, na katika kitabu kizima hakuna anayesimama kumwambia "unaona sasa?" Udadisi wake ndio uliomwingiza, na udadisi huohuo, ukiwa umekomaa, ndio unaomtoa. Anarudi nyumbani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kitabu cha kutisha cha watoto: je, hofu imetumika kumnyamazisha mtoto au kumpa nafasi ya kutenda? Hiki kinapita kipimo hicho bila shida.

Sasa ushujaa. Watu wengi hukisifu kitabu hiki kwa kuwa "kinafundisha watoto wasiogope". Hapana, na ningeomba usimpe binti yako kwa maelezo hayo. Coraline anaogopa karibu kila ukurasa. Mwandishi alikuwa makini hata kutuwekea maelezo ya maana ya ushujaa, akayaweka mahali pagumu: ndani ya ukumbi mweusi nyuma ya mlango, Coraline akiwa anarudi kule kwa hiari yake kuwatafuta wazazi wake walioibwa, mshumaa mkononi, paka kando yake. Ili asikie sauti yake mwenyewe, anamsimulia paka kisa.

Alipokuwa mdogo alikwenda matembezi na baba yake kwenye eneo la nyika kati ya nyumba yao ya zamani na maduka, wakakanyaga kiota cha nyigu. Baba alimwambia akimbie, apande kilima, na yeye akabaki nyuma nyigu wakimuuma ili mtoto apate muda wa kufika mbali. Coraline aliumwa mara moja. Baba aliumwa mara 39. Baadaye baba akagundua kwamba miwani yake imedondoka kulekule, akarudi kuichukua. Na baba alimweleza binti yake kwamba kule kubaki nyuma hakukuwa ushujaa, kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya. Hata kuogopa hakuogopa. Ushujaa ulikuwa kurudi kuchukua miwani, akijua nyigu wapo, safari hii akiogopa kweli.

Soma tena kisa hicho utaona kilivyo cha kipekee. Tendo kubwa, la baba kujitoa mhanga kwa mwanawe, ambalo mwandishi mwingine angelijengea sanamu, hapa linaitwa jambo la kawaida. Jambo dogo, la kufuata miwani, ndilo linaloitwa ushujaa. Na baba huyuhuyu ndiye yule asiyegeuza shingo kwenye kompyuta! Mtoto ndiye aliyemkumbuka hivyo, gizani, wakati alipomhitaji. Ukiwa mzazi aliyechoka, sehemu hiyo inafariji kuliko vitabu vingi vya malezi.

Kuanzia hapo ushujaa wa Coraline unakuwa kazi ya hatua kwa hatua. Kabla ya kurudi kule, usiku alipowaona wazazi wake ndani ya kioo wakimwomba msaada, alipiga simu polisi. Akaeleza kila kitu kwa ufasaha. Afisa akamshauri amwombe mama yake kikombe cha chokoleti ya moto na amkumbatie. Hakuna mtu mzima anayekuja, basi. Anafikiri: mama mwingine anapenda michezo, kwa hiyo anampa changamoto ya mchezo: akizipata roho za watoto watatu na wazazi wake, wote waachwe waende; akishindwa, abaki na akubali vifungo. Anatumia jiwe lenye tundu alilopewa na mabibi wawili wa ghorofa ya chini. Roho anazipata, zikiwa zimegeuzwa gololi. Mwishoni anadanganya kwa makusudi kwamba wazazi wamefichwa nyuma ya mlango, ili mlango ufunguliwe, kisha anamrusha paka usoni mwa yule mama na kukimbia. Baadaye anamwomba paka radhi. Napenda kwamba ushujaa wake una hila ndani yake, na kwamba haumwondolei adabu.

Kuhusu filamu ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Henry Selick: ni kazi nzuri mno ya mikono, vikaragosi vikisogezwa picha kwa picha. Ila ameongezwa mvulana, Wybie, asiyekuwepo kitabuni, na katika hatari ya mwisho anakuja kumwokoa Coraline. Kitabuni yuko peke yake. Mkono wa kuume wa mama mwingine, uliokatika mlango ulipofungwa, umemfuata hadi nyumbani kutafuta ufunguo. Naye anabeba wanasesere wake, anatandika kitambaa cha karatasi juu ya mdomo wa kisima cha zamani, anapanga vikombe, anaweka ufunguo katikati, na anajifanya mtoto mdogo anayecheza karamu ya chai. Mkono unarukia ufunguo, karatasi inabonyea, vyote vinazama. Mpango mzima ni wake. Kwa hiyo kama uamuzi ni wangu, kitabu kitangulie filamu, tena kwa mbali.

Tuje kwa binti yako. Kuogopa giza katika umri wa miaka tisa ni jambo la kawaida, na hakumzuii kusoma hadithi ya kutisha. Katika umri huo watoto wengi wamekwisha kutenganisha cha kubuni na cha kweli, na wanajua kwamba kitabu kikiwazidi kinafungwa. Uwezo huo wa kukifunga na kukifungua tena ni jambo kubwa kwa mtoto mwoga, kwa sababu giza la chumbani halina jalada. Sura ni 13, si ndefu. Asome mchana au jioni mapema, kwa mwendo anaoutaka yeye.

Sehemu ya kuiangalia ni ile ya chumba cha chini ya sakafu katika fleti tupu, ambako yule baba mwingine ametupwa. Amebaki kama donge la unga lililoumuka, na kifungo kimoja cha jicho. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, maana kiumbe huyo anasikitisha na kutisha kwa wakati mmoja: hataki kumdhuru msichana, lakini ameamriwa. Usiiruke. Kuwa tu chumbani anapoifikia. Akitaka kukomea hapo, akomee, na usimwulize kesho yake kama ataendelea. Kitabu kibaki mahali anapoweza kukichukua mwenyewe.

Usimwambie "hakuna cha kuogopa". Kitabu kizima kinasema kipo, na atakuona hujakisoma. Mwambie ukweli: mimi nilipofika kwenye sahani ile yenye vifungo nilikifunga. Mtoto akijua kwamba mama naye aliogopa kisha akarudi kusoma, amepata kisa cha nyigu cha nyumbani kwake.

Tena usipime hofu yake kwa kinywa chake. Gaiman husimulia kwamba wakala wake alipoona muswada unatisha mno kwa watoto, waliamua kuujaribu kwa binti mdogo wa wakala huyo. Mtoto akasema hauogopeshi hata kidogo, na kitabu kikatoka kama cha watoto. Miaka ilipopita, msichana yule akiwa amekua, alikiri kwamba alikuwa ameogopa vibaya sana. Alificha kwa sababu angesema, wangeacha kumsomea na asingejua mwisho. Kwa hiyo tazama usingizi wake, na kama anaanza kukataa kwenda chumbani peke yake kwa siku kadhaa. Akikesha usiku mmoja, hilo ni sehemu ya kusoma. Ikiwa wiki inapita na bado hali ni hiyo, pumzikeni na kitabu.

Anaweza kukuuliza swali moja gumu: utajuaje kama mama ni mama kweli? Nimeliona likiwatoka watoto, na mzazi hucheka kwa kukosa la kusema. Usicheke. Muulize yeye angejuaje. Majibu ya watoto hapo hustaajabisha, kwa kuwa hutaja mambo madogo ambayo hukujua wameyaona: unavyokohoa, unavyoita jina lao ukiwa na hasira. Ukimgundua akijiwekea vifungo machoni mbele ya kioo, mwache. Mtoto akianza kukichezea kitisho, anakuwa amekimudu.

Mdogo wake ni habari nyingine. Katika miaka mitano ukuta kati ya hadithi na chumba cha kulala bado ni mwembamba, na zaidi ya hapo, mama ndiye ulimwengu wake wote. Kitabu kinachogusa mama kwa namna hii si chake bado. Dada yake asome akiwa mbali naye, na umweleze binti kwamba hiyo ni dhamana yake: asimsimulie mdogo wake usiku. Filamu nayo asioneshwe, kwa sababu picha huwezi kuipunguzia mwendo kama maneno.

Kabla ya yote hayo, wewe ulikifunga katikati. Maliza. Hadithi ya kutisha iliyoachwa katikati hubaki kichwani ikiwa imesimama pale palipo pabaya zaidi, na utamwangalia binti yako akisoma kwa hofu hiyo. Nusu iliyobaki ndiyo ambamo Coraline anaacha kukimbizwa na kuanza kutafuta. Anawapata wazazi wake ndani ya mpira mdogo wa kioo wenye theluji, uliokuwa juu ya sehemu ya moto sebuleni. Wanarudi wasikumbuke lolote lililowapata. Wanaendelea kuwa watu wenye kazi, na chakula bado si kitamu kama kile cha upande wa pili. Msichana ndiye aliyebadilika, na sasa anajua kwa nini anawataka hao na si wengine.